Clinton kajengewa sanamu, Bush karushiwa viatu: Waislamu wanaionaje Magharibi, na kwanini

Tarehe 14 Desemba 2008, pale Baghdad, George W. Bush alikuwa amesimama na waziri mkuu wa Iraq mbele ya waandishi wa habari, mara mwandishi mmoja Muiraki anaitwa Muntadhar al-Zaidi akavua kiatu akamrushia, Bush akainama, jamaa akavua na cha pili akakirusha nacho kikapita juu. Kwa Waarabu kumrushia mtu kiatu ni tusi kubwa mno. Alifungwa, lakini mitaani kwenye nchi nyingi za Kiarabu aligeuka shujaa. Haujapita hata mwaka, Novemba 2009, kwenye mji mwingine uliojaa Waislamu, Pristina, mji mkuu wa Kosovo, maelfu ya watu walijazana kwenye baridi kumshangilia rais mwingine wa Marekani, Bill Clinton, akizinduliwa sanamu yake mwenyewe, tena kwenye barabara ambayo ilishapewa jina lake zamani.

Waislamu hawa na Waislamu wale. Kosovo zaidi ya 90% ya watu ni Waislamu, wanasoma Qur'ani ileile inayosomwa Baghdad. Tofauti ni kwamba mwaka 1999 majeshi ya Serbia ya Slobodan Milošević yalikuwa yanawafukuza kwenye nyumba zao, watu laki nane na zaidi wakakimbilia Albania na Macedonia, NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ikiongozwa na Marekani ya Clinton ikapiga mabomu siku 78 mpaka Waserbia wakatoka, watu wakarudi makwao. Iraq nayo ilipigwa mabomu na Marekani, ila Muiraki alichokiona baada ya mabomu ni kingine kabisa.

Nimeanza na hayo mawili kwa sababu kila likitokea jambo, kwenye magrupu ya WhatsApp na vijiweni, utasikia maelezo ya aina mbili tu. Mmoja atakwambia Waislamu wanaichukia Magharibi kwa sababu ya dini yao, ndo walivyo, hata ufanye nini hawatakupenda. Mwingine atakwambia Magharibi inauchukia Uislamu tangu vita vya msalaba na haitakaa iache. Ukiwasikiliza vizuri utagundua hao wawili wanasema kitu kilekile, kwamba hakuna kinachobadilika. Mimi nakataa yote mawili, kwa sababu takwimu zipo, na zinaonyesha maoni ya watu yanapanda na kushuka, tena kwa kasi, tena mara nyingi unaweza kuweka kidole kwenye kalenda ukasema hapa, siku hizi hizi, ndo palipoharibika.

Turudi kwenye swali lenyewe lilivyozaliwa. Siku tisa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bush alihutubia bunge lao akasema Wamarekani wanajiuliza kwanini wanatuchukia, akajibu mwenyewe hapohapo, wanauchukia uhuru wetu, uhuru wa dini, wa kusema, wa kupiga kura. Alikuwa anawasema magaidi, lakini jibu likasambaa likawa ni la ulimwengu wa Kiislamu mzima. Sasa miaka mitatu baadaye, Septemba 2004, jopo la washauri wa Pentagon yenyewe, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, si wanaharakati wala masheikh, liliandika ripoti likasema wazi kwamba Waislamu hawauchukii uhuru wetu bali wanachukia sera zetu, na kwamba tukiongelea kuwaletea demokrasia wanaona ni unafiki mtupu. Ripoti ya Pentagon hiyo. Ilitoka, ikasomwa, vita vikaendelea.

Sera ya nje ni nini kwa mtu wa kawaida? Sio hotuba. Ni nani serikali ile inampa silaha, nani inamwekea vikwazo, nani inampigia kura Umoja wa Mataifa, nani inamnyamazia akiua watu wake. Mtu wa Amman au Karachi haisomi sera, anaishi ndani yake.

Chukua Indonesia, nchi ambayo kwa miaka mingi imehesabika kuwa na Waislamu wengi kuliko zote. Taasisi ya Pew ya Marekani huwa inauliza watu nchi nyingi swali moja rahisi, una mtazamo mzuri au mbaya kuhusu Marekani. Kuelekea mwaka 2000 Waindonesia 75% walisema mzuri. Watatu kati ya wanne! Mwaka 2002 ikawa 61%. Machi 2003 Marekani na Uingereza wakaivamia Iraq, na utafiti wa mwaka huo ukaonyesha 15%. Kutoka 61 mpaka 15 ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aya hata moja ya Qur'ani iliyobadilika katikati. Halafu Desemba 26, 2004 ikaja tsunami, Aceh ikafagiliwa, watu zaidi ya laki moja na nusu wakafa Indonesia peke yake, na helikopta za jeshi la Marekani kutoka manowari ya USS Abraham Lincoln zikawa zinashusha maji na chakula kwenye vijiji ambavyo barabara zake zote zilikuwa zimekatika. Mwaka 2005 namba ikapanda mpaka 38%. Na 2009, alipoingia Obama ambaye utotoni aliishi na kusoma Jakarta, ikafika 63%. Sasa niambie hiyo ni chuki ya dini? Chuki ya dini haipandi na kushuka kama bei ya nyanya.

Jordan ndo inasikitisha zaidi. Mwaka 2002 waliokuwa na mtazamo mzuri walikuwa 25%, mwaka 2003 walikuwa 1%. Asilimia moja, kwenye nchi ambayo mfalme wake ni rafiki mkubwa wa Washington na serikali yake inapokea misaada ya Marekani ambayo miaka ya karibuni imevuka dola bilioni moja kwa mwaka. Hapo ndo unaona kitu ambacho wengi wanakichanganya, urafiki wa ikulu na ikulu hauna uhusiano na moyo wa muuza falafel wa mtaani. Msaada unaingia hazina, unalipa mishahara, unanunua vifaru, na yule mtu wa kawaida anachokiona kwenye TV jioni ni Fallujah, mji wa Iraq, unaungua.

Uturuki ni mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu pale wananchi waliweza kusikilizwa. Uturuki ni mwanachama wa NATO tangu 1952, na Marekani ilitaka kupitisha makumi ya maelfu ya wanajeshi wake pale waingie Iraq kutokea kaskazini, ikaahidi mabilioni ya dola. Wananchi walikuwa wanapinga, tena kwa wingi mno. Tarehe 1 Machi 2003 bunge likapiga kura, 264 ndiyo, 250 hapana, 19 hawakuegemea popote, kwa hiyo waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana ila hawakufika nusu ya waliohudhuria, wamepungukiwa kura tatu, hoja imeanguka. Hiyo ndo demokrasia, si ndiyo? Bunge la nchi ya Kiislamu limewasikiliza wapiga kura wake. Ila miezi miwili baadaye Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, alihojiwa akalalamika kwamba jeshi la Uturuki halikuonyesha uongozi uliotarajiwa kwenye jambo lile. Jeshi! Kwenye nchi ambayo jeshi limeshapindua serikali mara kadhaa. Mturuki akisikia hivyo anaelewa nini? Kufikia 2007 waliokuwa na mtazamo mzuri kuhusu Marekani pale Uturuki walibaki 9%.

Kule Washington si kwamba hawakuziona hizi namba, waliziona, na dawa waliyoamua ni matangazo. Wizara ya mambo ya nje ikamchukua Charlotte Beers, mwanamama aliyefika kileleni kwenye kampuni za matangazo ya biashara New York, na mwaka 2002, mwezi wa Ramadhani, wakatoa filamu fupi za kuonyesha maisha ya Waislamu wa Marekani, mwalimu kavaa hijabu anafundisha watoto, muoka mikate, daktari mkubwa mwenye asili ya Algeria, wote wanasema wanaishi vizuri na wanaswali bila kubughudhiwa. Ziligharimu kama dola milioni 15. Indonesia na Pakistan zilionyeshwa, ila vituo vya taifa vya Misri, Jordan na Lebanon vilikataa kuzirusha. Na sioni kama zilikuwa za uongo, wale watu walikuwa wa kweli na maisha yao ya kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza kama Muislamu wa Ohio anaswali, watu walikuwa wanauliza kuhusu Palestina na kuhusu vita vilivyokuwa vinanukia Iraq. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Beers akaondoka Machi 2003, mwezi uleule mabomu yalipoanza kuanguka Baghdad.

Lakini hapa nitenganishe vitu viwili ambavyo vikichanganywa mtu anapotea kabisa. Kuna kuichukia serikali ya Marekani na kuna kuwachukia Wamarekani au maisha yao. Gallup, taasisi nyingine ya Marekani ya kupima maoni, waliwahoji makumi ya maelfu ya Waislamu kwenye nchi zaidi ya 35 baada ya 2001, na walipowauliza mnavutiwa na nini Magharibi, majibu yaliyojirudia ni teknolojia, utawala wa sheria, uhuru wa kusema. Yaani vilevile alivyosema Bush vinachukiwa. Ndo maana utaona kijana anaandamana asubuhi mbele ya ubalozi na jioni anajaza fomu ya bahati nasibu ya grini kadi, watu wanamcheka wanasema mnafiki, mimi sioni unafiki wowote. Anataka mahakama, anataka kazi, anataka polisi asiyemuomba kitu kidogo, na anakasirika kwamba nchi yenye hivyo vyote kwa watu wake ndo inamuuzia mabomu ya machozi yule anayemnyima yeye.

Hapo ndo tunafika kwenye kidonda kikubwa kuliko vyote kwa maoni yangu, kura. Algeria, Desemba 1991, chama cha Kiislamu cha FIS kilishinda viti 188 raundi ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, Januari 1992 jeshi likafuta uchaguzi, miji mikuu ya Magharibi, Paris ikiwa mbele, ikalimeza jambo hilo, nchi ikaingia kwenye vita vilivyoua watu wengi mno miaka ya tisini yote. Palestina, Januari 2006, Hamas wakapata viti 74 kati ya 132 kwenye uchaguzi ambao waangalizi wa kimataifa waliusifu na ambao Marekani yenyewe ilisisitiza ufanyike, matokeo yakaja, misaada ikakatwa. Unaweza kuwa na sababu zako nzito za kutokaa meza moja na Hamas, na zipo, ila yule mpiga kura wa Nablus somo alilolipata ni kwamba kura yako ni halali ukichagua tunayemtaka sisi. Misri, 2013, jeshi likampindua Mohamed Morsi aliyechaguliwa mwaka mmoja nyuma, na waziri wa mambo ya nje wa Marekani John Kerry mwanzoni mwa Agosti akasema jeshi lilikuwa linarejesha demokrasia. Tarehe 14 mwezi huohuo, kwenye uwanja wa Rabaa, Cairo, vikosi vya usalama viliwaua waandamanaji wasiopungua 817 kwa hesabu ya Human Rights Watch. Msaada wa kijeshi wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka ulisimamishwa kwa sehemu tu, na 2015 ukafunguliwa tena. Ajabu ya Misri ni kwamba 2014 mtazamo mzuri ulishuka mpaka 10% kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hasira, wafuasi wa Morsi wakisema Marekani imebariki mapinduzi, wafuasi wa Abdel Fattah el-Sisi, jenerali aliyempindua, wakisema Marekani iliwabeba Ikhwani, yaani Muslim Brotherhood, kundi la Morsi. Ukicheza pande zote, unakosa zote.

Na kumbukumbu za watu ni ndefu kuliko awamu ya rais. Iran ndo shule ya hilo. Muulize Mmarekani lini ugomvi wao na Iran ulianza atakwambia 1979, wanafunzi walipovamia ubalozi wa Marekani Tehran wakawashikilia mateka 52 kwa siku 444. Muulize Muirani atakwambia 1953. Mwaka 1951 waziri mkuu Mohammad Mosaddegh alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za serikali ya Uingereza yenyewe, na Agosti 1953 CIA na MI6, majasusi wa Marekani na wa Uingereza, wakanunua magazeti, wakanunua vibaka wa kufanya fujo mitaani, wakapanga na maafisa wa jeshi, Mosaddegh akaangushwa, Shah, yaani mfalme, akarudishwa kwenye kiti akatawala robo karne na polisi wake wa siri SAVAK. Kwa hiyo Oktoba 1979 Shah aliyekimbia mapinduzi aliporuhusiwa kuingia New York kutibiwa, vijana wa Tehran waliona filamu ileile inaanza upya, mfalme yuko Amerika, ubalozi uko hapa, wanatupangia tena. Sisemi kushika mateka ni sawa, si sawa hata kidogo, nasema usipojua 1953 hutaielewa 1979. CIA yenyewe ilikuja kukiri kwa maandishi mwaka 2013, miaka 60 kamili baadaye.

Ila Iran hiyohiyo ina kitu kingine ambacho kinaniuma kila nikikikumbuka. Septemba 2001, siku chache baada ya maghorofa ya New York kuanguka, vijana wa Tehran walitoka barabarani usiku na mishumaa kuwaombolezea Wamarekani waliokufa. Desemba mwaka huo wanadiplomasia wa Iran walisaidia kwenye mkutano wa Bonn kuunda serikali mpya ya Afghanistan. Tarehe 29 Januari 2002 Bush akasimama akaiweka Iran kwenye kile alichokiita mhimili wa uovu. Miezi minne tu tangu ile mishumaa.

Kuna madhara mengine hayaonekani kwenye namba za Pew. Mwaka 2011, katika kumtafuta Osama bin Laden mjini Abbottabad, Pakistan, CIA ilimtumia daktari Mpakistani aendeshe kampeni ya chanjo ya homa ya ini ili wapate damu za watoto wa nyumba aliyodhaniwa kujificha wapime vinasaba. Osama akauawa Mei 2011, habari ya chanjo ikavuja mwezi Julai. Sasa kumbuka Pakistan ni moja ya nchi chache kabisa ambazo polio haijaisha, na kwa miaka mingi kulikuwa na wahubiri wanaowaambia wazazi chanjo ni njama za Wamarekani, na wahudumu wa afya walikuwa wanahangaika nyumba kwa nyumba kukanusha, kumbe safari hii kweli ilikuwa njama. Taliban wakapiga marufuku chanjo kwenye maeneo yao, wachanjaji, wengi wao wanawake wa kawaida wanaolipwa vijisenti, wakaanza kuuawa kwa risasi. Mei 2014 ikulu ya Marekani ikaahidi CIA haitatumia tena kampeni za chanjo. Wapo watakaosema Osama alistahili gharama yoyote. Mimi namwona mtoto aliyepooza mguu kule Waziristan, mpakani na Afghanistan, na sijui mtamwambia hiyo gharama kailipa kwa kosa gani.

Hapo pia ndo utaelewa kwanini Obama, aliyeipandisha Indonesia mpaka 63% na aliyeenda Chuo Kikuu cha Cairo Juni 4, 2009 akatoa salamu ya assalamu alaikum na kuahidi mwanzo mpya, hakuambulia kitu Pakistan. Mwaka huohuo Wapakistani waliokuwa na mtazamo mzuri walikuwa 16%. Kwa Waindonesia alikuwa mtoto wa Jakarta, kwa watu wa mpakani na Afghanistan alikuwa ndege zisizo na rubani, mwaka 2010 peke yake zilipiga zaidi ya mara 100. Na jela ya Guantanamo aliyoamuru ifungwe ndani ya mwaka mmoja, aliondoka madarakani ikiwa wazi.

Sasa Gaza. Hapa sitaandika sana kwa sababu kila mtu ameona kwa macho yake kwenye simu, nataka tu kueleza kwanini imekata kina kirefu kuliko mambo mengine. Ni kwa sababu ya Ukraine. Oktoba 2022 Urusi ilipokuwa inapiga mitambo ya umeme na maji, Ursula von der Leyen, mkuu wa Kamisheni ya Ulaya, alisema kuwakatia raia maji, umeme na joto ni ugaidi mtupu. Mwaka mmoja mbele, tarehe 9 Oktoba 2023, siku mbili baada ya Hamas kuua watu kama 1,200 Israel na kuchukua mateka, waziri wa ulinzi wa Israel Yoav Gallant alitangaza kuizingira Gaza, hakuna umeme, hakuna chakula, hakuna mafuta. Watu wakasubiri kusikia maneno yaleyale ya ugaidi mtupu yakisemwa tena. Tarehe 8 Desemba 2023 nchi 13 kati ya 15 za Baraza la Usalama zilitaka vita visimame, Uingereza haikuegemea upande, Marekani ikapiga kura ya turufu. Kiswahili tuna neno lake, undumilakuwili, na sidhani kama kuna neno linalofaa zaidi.

Watafiti wa Arab Barometer walikuwa Tunisia wakati huo kwa bahati tu, walianza kuhoji watu Septemba 2023 na wakaendelea mpaka mwanzoni mwa Novemba, zaidi ya watu elfu mbili, karibu nusu wakahojiwa kabla ya Oktoba 7 na waliobaki baada yake. Kabla, 40% walikuwa na mtazamo mzuri kuhusu Marekani. Baada ya hapo ikawa inaporomoka siku kwa siku kadiri maiti zilivyokuwa zinahesabiwa Gaza. Tunisia iko mbali na Gaza, hakuna Mtunisia aliyeangukiwa na bomu, ila walikuwa wanaangalia. Na mwaka 2024, kituo kimoja cha utafiti Singapore kilipowauliza wasomi, maafisa na wafanyabiashara wa Asia ya Kusini Mashariki mkilazimishwa kuchagua kati ya China na Marekani mtakwenda wapi, Malaysia 75% na Indonesia 73% wakasema China.

Lakini tusijidanganye na sisi. Julai 2019 nchi 37 ziliandika barua Umoja wa Mataifa kuitetea China kuhusu Wauyghur, Waislamu waliojazwa kwenye makambi kule Xinjiang, na kati ya waliosaini ni Saudi Arabia na Pakistan. Sikuona bendera ya China ikichomwa Karachi. Kwa hiyo undumilakuwili hauna pasipoti, na watawala wetu wengi wanapenda hasira iende Washington ili isije ikawageukia wao. Kanuni inakata pande zote hata kwa Osama mwenyewe. Mwaka 2005 Wajordan karibu 60% walisema wana imani naye, Novemba mwaka huo al-Qaeda ya Iraq ikalipua hoteli tatu Amman, kwenye moja kulikuwa na harusi, watu kama 60 wakafa, na 2006 ile imani ikawa 24%. Watu wanahukumu kwa kinachoangukia watoto wao.

Na sisi huku pwani na bara yake hatuko nje ya hii stori. Mimi 1998 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Dar, Ijumaa ya Agosti 7, tulisikia kishindo tukadhani ni ghala la silaha, kumbe ubalozi wa Marekani, na Nairobi dakika zilezile. Watu 224 wakafa, Wamarekani 12 tu, waliobaki wengi ni Wakenya na Watanzania waliokuwa wanaenda kazini. Walioua walisema wanapigana na Marekani. Kwa miaka baada ya hapo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wakaishi na misako ya usiku, na mwanzoni mwa 2007 Kenya ikawapandisha ndege watu kadhaa waliokamatwa mpakani na Somalia wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila kupita mahakamani.

Walikuwa wanakimbia nini mpakani? Juni 2006 Umoja wa Mahakama za Kiislamu uliiteka Mogadishu kutoka kwa wababe wa vita, baadhi yao wakiwa wanalipwa na CIA, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 15 watu wa pale wakaweza kupita mji mzima bila kulipa vizuizini. Kulikuwa na wakali ndani yake, na kulikuwa na watu wa kawaida waliochoshwa na bunduki. Desemba 2006 Ethiopia ikaingia kijeshi, Marekani ikiiunga mkono, Mahakama zikasambaratika, na kile kikundi cha vijana wakali kilichokuwa tawi dogo kikabaki peke yake uwanjani kikijiita mtetezi wa nchi dhidi ya mvamizi. Al-Shabaab. Westgate 2013 watu 67, Garissa 2015 watu 148, hayo yote yamekuja baada ya hapo. Na yule mwenyekiti wa Mahakama aliyefukuzwa, Sheikh Sharif Ahmed, Januari 2009 akawa rais wa Somalia kwa baraka za mataifa yaleyale, na tarehe 6 Agosti 2009 Hillary Clinton akakutana naye Nairobi, wakapeana mikono, silaha zikaahidiwa.

Kuna mzee wa Kisomali ana duka la vitambaa Eastleigh, huwa nikienda Nairobi nampitia tunakunywa chai ya maziwa, yeye aliondoka Mogadishu 2007 baada ya nyumba yake kupigwa kombora. Siku moja aliniuliza, mwanangu, wewe unasoma haya mambo, kama Sheikh Sharif alikuwa gaidi 2006 alikuwaje rais 2009, na kama hakuwa gaidi nyumba yangu ilibomolewa kwa nini. Nilikaa kimya nikamalizia chai yangu.